Tiyo Iliyopasuka Njia ya Pangi

Tangu nirudi, hakuna anayenisalimu bila kuniuliza. Nikitoka msikitini, swali. Nikienda ng'ambo ya reli kununua samaki, swali. Ninyi ndio mliokaa mkiningoja siku ile ya ndoa mpaka wali ukapoa na shehe akachoka kulitazama jua, na mimi Athumani, shofere ninayependa kujisifu kwamba njia zote za Maniema nazijua, sikuonekana. Wengine mkasema kamyo ya mizigo imeanguka mtoni. Wengine, na nawajua, mkasema nimeona haya kumleta dada yangu mbele za watu. Basi leo nimekaa, nitawaeleza yote mara moja. Mambo ya vibali na mihuri nayaruka. Kila mmoja wetu anayajua, na sijaona mtu aliyefurahi kuyasikia.

Kwa wale waliohamia Kindu juzijuzi, niseme kwanza nilikuwa namfuata nani. Yaya Salima ni mkubwa wangu, tumbo moja. Zamani, wakaguzi wa magonjwa walipopita mtaani kwetu, walitupanga mstari wakitukagua ngozi. Yeye alikuwa na baka jeupe juu ya mkono. Wakamfunga macho, wakamchoma sindano pale kwenye baka, wakamwuliza ni wapi anapochomwa. Hakujua kama amechomwa. Siku zile zile akapelekwa kijiji cha wagonjwa wa ukoma, mbali, nyuma ya Pangi. Alimwacha mtoto wake Zaina akitambaa. Mume wake alioa mwingine, akahamia Kibombo, na Zaina akalelewa na mama yetu.

Sasa Zaina ameposwa. Na habari ilikuwa imetufikia kwamba dawa mpya za vidonge zimemponya mama yake, hawezi kumwambukiza mtu, anaruhusiwa kurudi. Zaina akasema neno moja tu, kwamba haolewi mpaka mama yake awe ndani ya nyumba. Watu wa bwana harusi walikubali. Mama wa kijana alikubali pia, ila alikubali kwa mdomo, macho yake yakiangalia pembeni.

Kindu hadi Kalima

Kamyo si yangu, mnajua. Ni ya yule Mgiriki mwenye duka karibu na stesheni. Alikuwa anataka mpunga kutoka Pangi, akaniambia nikishapakia mpunga naweza kumpakia na ndugu yangu. Kamyo yenyewe ni mpya, yenye nguvu, nayo ina jambo ambalo lazima mlijue kwa sababu ndilo lililotuchelewesha. Ina radiatere mbili, vile vyombo vya kupoza injini. Ile kubwa ni ya maji, kama gari zote. Mbele yake iko nyingine ndogo, ya mafuta ya injini. Mafuta yanatoka kwenye injini kwa tiyo moja ya mpira mnene, yanapita kwenye ile radiatere ndogo yapigwe na upepo, yanarudi kwenye injini kwa tiyo ya pili yakiwa yamepoa. Mimi nilikuwa naiona kama pambo la wazungu. Nilikuwa sijaifungua hata mara moja.

Nilivuka Lualaba hadi Alunguli asubuhi, bila taabu. Taabu ilianza mvua iliponikuta porini. Mvua ikinyesha, barabara inafungwa kwa mti uliolazwa juu ya njia, na hakuna gari inayopita mpaka udongo ukauke, hata kama unambeba mgonjwa. Mlinzi wa pale ni mzee wa Kirega mwenye koti la mvua lililokuwa la askari fulani. Nilimsihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba yeye mwenyewe mke wake yuko upande wa pili wa mti ule, anapika, na yeye anakula chakula kikiwa baridi kila siku kwa sababu haruhusiwi kuacha kazi. Nikazima injini.

Nikangoja pamoja na wafanyabiashara wa baiskeli waliobeba samaki wa kukaushwa. Tulikula kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, tukipeana chumvi. Mmoja wao aliniuliza naenda kuchukua nini. Nikasema mpunga. Baadaye, udongo ulipokauka na mti ukainuliwa, niliendesha hadi Kalima nikilifikiria jibu langu. Halikuwa uongo. Lakini sikuwa nimemjibu.

Kalima nililala kwa jamaa anayefanya kazi kwenye mgodi wa bati. Nyumba zao zimepangwa mistari kama mihogo shambani, na kingʼora kinawaamsha wote pamoja. Alinikaribisha vizuri, akanipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, lakini nilipomwambia ninakokwenda alisema kwa sauti ya chini kwamba wakati wa kurudi afadhali nipite moja kwa moja. Watoto wake wadogo, alisema. Nilimwambia nimeelewa.

Pangi na kijiji cha wagonjwa

Pangi nilipakia mpunga haraka kuliko nilivyotarajia, kisha nikashika njia ndogo inayokwenda kijiji cha wagonjwa. Nilikuwa nimekitengeneza kile kijiji kichwani mwangu miaka yote ile: giza, kilio, watu wamelala chini. Nikakuta migomba iliyopandwa kwa mstari, kuku, na wanaume wanacheza ngisoro, ule mchezo wa bao, wakibishana kama sisi. Nikaona aibu ya mawazo yangu.

Njiani alikuja mwanamke amebeba kuni kichwani, mnene kidogo, anatembea kwa madaha. Nikamsalimu, nikamwuliza nyumba ya Salima wa Kindu iko wapi, yule aliyekuwa mgonjwa. Alisimama akaniangalia sana.

"Salima njo mimi," akasema. "Na wewe umeota ndevu, Athumani."

Sikuwa nimemtambua. Nilikuwa natafuta mtu aliyekonda. Aliweka kuni chini, na hapo ndipo nikaona mikono. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimejikunja kama vimeshika kitu kisichoonekana, na ngozi ya viganja ina makovu. Uso ni ule ule, wa mama yetu. Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha nyuma kwanza, halafu akautoa.

Nilidhani atakuwa amefunga vitu vyake tayari, amekaa mlangoni. Haikuwa hivyo. Alikuwa na shamba la karanga ambalo lilikuwa bado halijavunwa, na rafiki kipofu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimpikia. Usiku ule aliniuliza mambo mengi ya nyumbani, nani amekufa, nani amejenga, kisima kipo? Kuhusu Zaina hakuuliza mpaka nilipoanza mwenyewe. Nilipomwambia kwamba mtoto amekataa kuolewa bila yeye, alizima taa.

Kulipokucha sista mmoja mzungu, mzee, alikuja kumuaga. Anasema Kiswahili cha polepole. Alinieleza mimi, si yeye, kwamba ugonjwa umekufa lakini mikono haitarudi kuwa na hisia. Ikiungua haitasema, ikikatwa haitasema. Kwa hiyo lazima macho yafanye kazi ya ngozi. Akamshika Salima mabega na kuniambia niwe macho pia. Nikaitikia kama mtu anayeitikia jambo rahisi. Karanga zile Salima aliziacha kwa yule rafiki kipofu, ambaye hakutoka nje kutuaga tulipoondoka.

Mlimani, kamyo iliposimama

Siku ya ndoa ilikuwa inakaribia lakini sikuwa na wasiwasi. Tulikuwa na muda wa kutosha, na akiba yake. Salima alikaa mbele karibu nami, amefunga kilemba kipya, anatazama miti kama mtu anayesoma. Kila kijito aliniuliza jina.

Baada ya Pangi iko daraja la miti, mnalijua wale mliopita. Mti mmoja ulikuwa umeoza. Gurudumu la mbele lilipoukanyaga ulivunjika, kipande kikaruka chini ya kamyo na tukasikia kishindo. Nilivuka, nikashuka, nikatazama magurudumu, yote mazima. Nikaendelea. Tulipoanza kupanda mlima nikaona mshale wa saa ya mafuta unateremka. Hiyo ni saa ndogo mbele ya shofere inayoonyesha kama mafuta yanasukumwa ndani ya injini. Mshale ukishuka pale, injini inajila yenyewe. Nilizima papo hapo, tukarudi nyuma polepole mpaka kwenye ukingo, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Nyuma yetu barabarani ulikuwako mstari mweusi, unang'aa, tangu darajani. Nililala chini nikatazama. Tiyo moja ya ile radiatere ndogo, ile inayopeleka mafuta, ilikuwa imepasuka karibu kabisa na nati, ikidondosha.

Nilikaa kwenye ngazi ya kamyo nikafikiri. Tiyo mpya iko Kindu, au haiko hata Kindu. Gari nyingine ingepita lini? Labda kesho, labda baada ya mvua inayofuata. Nikayafikiria mafuta yale: yanatoka kwa tiyo ya kwanza, yanarudi kwa tiyo ya pili. Radiatere ndogo iko katikati tu. Kama nitaziondoa tiyo zote mbili, halafu nikachukua ile nzima na kuifunga ncha zote mbili kwenye injini, moja pale yanapotokea mafuta na nyingine pale yanapoingilia, mafuta yatazunguka bila kupita kwenye radiatere. Hayatapoa vizuri, lakini hayatamwagika. Tungekwenda kwa kupumzika kila mlima. Nilimweleza Salima, naye akasema ni kama mtu anayerudi nyumbani bila kupitia kwa shemeji.

Lazima ungoje kwanza. Mafuta ya injini iliyotoka kupanda mlima yanaweza kukutoa ngozi. Tuliketi kivulini, tukala karanga za kuchemsha alizobeba, akanisimulia jinsi walivyofundishana kule kushona kwa mikono isiyosikia. Kisha nikafuta matope yote kwenye nati kwa kitambaa, maana tope likiingia kwenye tundu limeingia kwenye injini. Nikaweka sufuria yetu chini. Ilibidi nitumie funguo mbili za nati kwa pamoja: moja ishikilie shingo ya radiatere isizunguke, nyingine igeuze nati. Ukitumia moja tu, shingo inajipinda inakatika, maana ni ya bati laini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa. Na tiyo ikifunguka inaanguka kwa uzito wake na kumwaga.

"Nitaishika mimi," Salima akasema.

Nilimwambia afunge kitambaa mkononi. Alifunga. Niligusa tiyo kwa nje, ilikuwa na joto la kawaida, kama chungu kilichoondolewa motoni zamani. Nikageuza nati. Ilikuwa ngumu, ikakubali, mafuta yakaanza kutiririka, na Salima akaishika tiyo ikielekea kwenye sufuria vizuri kabisa, bila kutikisika. Nikashika na nati ya pili, upande ule ule wa radiatere. Kazi ilikuwa inakwenda. Nilikuwa nafurahi, hata nilikuwa naimba kwa pua.

Kumbe tiyo ilikuwa imepoa nje, lakini radiatere ndogo ilikuwa bado imeyashika mafuta ya moto ndani yake kama uji unavyoshika moto chini ya utando. Nati ya pili ilipofunguka na hewa kuingia, yakashuka yote kwa mdomo wa kwanza. Yakaingia kwenye kitambaa cha mkono wake, yakajaa. Alikuwa amegeuza uso kutazama barabarani, kuna watu walikuwa wanakuja. Macho yake hayakuwa mkononi. Na mimi macho yangu yalikuwa kwenye nati.

Ni mimi niliyeona mvuke. Nikapiga kelele aachie. Hakuelewa ninasema nini. Aliiachia kwa kunitii tu, akiwa bado na uso wa mtu anayeulizwa jambo. Nikamvua kitambaa, na ngozi ya kiganja ikaja nacho mahali pengine, na pengine imevimba maji, nyeupe. Nilimwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo. Yeye alikuwa ametulia, ameunyoosha mkono mbele yake, anautazama.

Halafu akaanza kulia. Nikamwambia pole, yaya, pole, nikidhani maumivu yamefika.

"Haiumi," akasema. "Athumani, hata kidogo haiumi. Ningefurahi kama ingeniuma."

Nilimfunga mkono kwa kipande cha shuka safi alichopewa na sista, nikarudi chini ya kamyo. Nilifungua ncha za upande wa injini, nikaifunga ile tiyo nzima kwenye injini ncha zote mbili, nikachonga vijiti laini nikaziba midomo ya radiatere isiingie vumbi. Nilifanya yote taratibu, na sikuimba tena.

Kijiji cha mafuta

Wale watu waliokuwa wanakuja ni wa kijiji kilicho juu kidogo ya mlima. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mjane, Mama Wabiwa, mrefu, sauti yake inafika kabla yake. Mafuta ya akiba niliyokuwa nayo kwenye bidoni hayakutosha, na yale ya sufuria niliyachuja kwa kitambaa, lakini bado mshale ulikuwa unasita. Nikamwuliza Mama Wabiwa kama kuna mtu ana mafuta pale kijijini. Nilisikia kwamba mtoto wake mmoja aliwahi kuendesha gari la mgodi.

"Mafuta?" akasema. "Mafuta kwetu ni mingi sana. Unakosaje kusema toka mbele?"

Akawatuma watu. Nikashukuru Mungu. Jua likiwa linaingia miti, walirudi na vibuyu, na chungu, na chupa, vyote vimejaa mafuta ya mawese, mekundu, ya kukamuliwa wiki ile. Walivipanga mbele ya kamyo kwa fahari. Sikujua nicheke au nilie. Salima ndiye aliyeniokoa. Alimwambia Mama Wabiwa kwamba gari imeshiba, sasa njo watu wana njaa. Watu wakacheka, na mafuta yale yakapikiwa ndizi na viwavi vya kukausha, tukala mpaka vidole vikawa vyekundu. Mafuta ya gari nayo yalipatikana, kwa maana yule mtoto wake alikuwa ameacha bidoni kwenye kona ya nyumba, na Mama Wabiwa alikuwa akidhani ni dawa ya mchwa.

Wakati wa kula Mama Wabiwa aliona kitambaa cha mkono, akaona na malengelenge yanayotokea pembeni, akauliza jinsi gani mtu anaungua hivyo na anakula akitulia. Nilikuwa na jibu tayari. Salima alinitangulia. Akasema alikuwa na ukoma, umepona, lakini mikono ilibaki bila kusikia. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Kisha Mama Wabiwa akasema pole, akatuletea mkeka tulale kwenye kibanda cha mpunga, akaongeza ndizi. Asubuhi tulipotaka kumrudishia bakuli lake la bati, lenye maua, na mkeka, alitusukumia kwa mikono miwili.

"Hapana, muende nayo. Yote. Njo zawadi yenu."

Nilimshukuru sana. Njiani nikasema watu wa kule wana roho nzuri, kumpa mgeni bakuli zuri vile. Salima alilishika mapajani akilitazama.

"Hakutaka kula ndani yake tena," akasema. "Lakini alitulisha, Athumani. Alijua, na alitulisha. Chukua vyote viwili."

Tuliendesha kama watu wanaomchukua mgonjwa. Kila mlima, nilisimama juu, nikafungua mlango wa injini, tukangoja ipoe. Kalima hatukusimama. Kisha mvua ikanyesha, na ule mti wa njia ukashushwa mbele yetu, na mzee wa koti la askari akanitambua. Safari hii alimpelekea Salima kiti chake. Tulikaa pale tukiisikia siku ya ndoa inapita.

Alunguli

Tulifika ukingo wa mto Lualaba siku iliyofuata. Kivuko kilikuwa upande wa Kindu kikimngoja mkubwa fulani wa serikali, na watu walikuwa wamejaa ukingoni na kuku na vikapu vyao. Kitambaa cha mkono kilikuwa kimechafuka. Watu waliokuwa karibu na Salima wakaanza kujisogeza, taratibu, kila mmoja akijifanya anatafuta kivuli. Vidole vyake vilivyojikunja vilionekana.

Mpiga kasia mmoja, mwenye maneno, akamwuliza kwa sauti amepatwa na nini mkononi.

Salima aliniangalia kidogo. Halafu akasema ameungua kwa tiyo ya kamyo ya ndugu yake, mafuta ya moto. Akaanza kuwasimulia: daraja, mshale, sufuria, vibuyu vya mawese vimepangwa mbele ya gari. Aliwasimulia vizuri kuliko mimi ninavyowasimulia ninyi. Watu wakacheka, wakasogea karibu tena, mama mmoja mwenye kikapu akasema shofere wote ni wauaji, na akamshauri apake asali.

Kwenye kivuko, maji yakitupita, aliniambia kwamba kwa miaka yote ile kila jeraha lake lilikuwa na jina moja. Hili lina hadithi yake. Kisha akasema hata hivyo hakuwaambia yote, na hajui kama hilo ni vizuri. Mimi pia sijui. Ninyi mtasema.

Nyumbani

Mliokuwapo siku ile mnajua nusu. Ninyi wanaume mlikuwa nje. Niliyoyaona ndani niliyaona kwa sababu mama alitushika mikono mimi na Salima pale mlangoni, akatuvuta ndani pamoja.

Zaina alikuwa hajapambwa. Alikuwa amewaambia wazi kwamba ndoa inaweza kungoja kama yeye alivyongoja. Alikuja mpaka katikati ya chumba na hapo akasimama. Hawakuwa na mazoea, hawa wawili. Salima pia hakumkaribia. Akamwambia kwamba amekuwa mrefu. Mtoto akasema ndiyo. Wanawake walikuwa wamejaa ukutani, na mama wa kijana amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anautazama ule mkono uliofungwa. Nilijua anafikiri nini. Hata mimi ningefikiri.

"Ni moto, mama mukwe," Salima akamwambia. "Ugonjwa umekwisha, mikono ndiyo haikurudi. Ukitaka, muulize muganga wenu. Sitakuficha."

Yule mama akageukia dirisha. Bakuli la hina lilikuwa pale chini, limekorogwa tangu asubuhi na fundi wa kupamba maharusi. Zaina akalichukua. Akaketi kwenye mkeka mbele ya mama yake, akanyoosha miguu, akamwekea kijiti cha hina kwenye mkono wa kushoto, ule usioungua.

Salima alisema hawezi. Alisema mkono huu hata kijiti haujui kama umekishika, atamharibia siku yake. Fundi wa kupamba akanyoosha mkono kukichukua kijiti, na Zaina akamwomba amwachie.

Basi nikamwona yaya yangu anaanza. Aliinama mpaka uso ukakaribia mguu wa mtoto, kwa sababu alikuwa anashika kwa macho. Kila mstari ulimchukua muda mrefu. Ulikwenda vizuri kidogo, ukateleza, ukawa mnene, akarudi, akafuata tena. Jasho lilimtoka. Mama wa kijana aliondoka kitini kabla Salima hajamaliza mguu wa kwanza, akatoka nje, na mpaka leo nikisema kweli hajaingia tena katika nyumba ile. Lakini hakuizuia ndoa, na hilo tunamhesabia.

Shehe alifunga ndoa baada ya alasiri, mlikuwapo. Bibi harusi alipotolewa nje, wasichana wenzake walimzunguka kutazama mapambo, na mmoja wao, si kwa ubaya, akauliza ni fundi gani huyo aliyempaka hina ovyo namna ile, mistari imepinda kama njia ya panya. Zaina akainua nguo kidogo, akautoa mguu mbele ili walio nyuma nao waone.

"Mama yangu," akasema.